Unga wa mbao unaotupwa Butembo ungeweza kuivisha mbuzi

Msomaji wa Dar es Salaam akisikia neno "makala" hufikiria gazeti. Huku Butembo na Beni, mashariki mwa Kongo, makala ni makaa. Ni yale magunia meusi yaliyozibwa mdomo kwa majani makavu, yanayoshuka vilimani juu ya chukudu, yaani baiskeli za mbao za kusukuma, na pikipiki, yamepangwa mpaka dereva haonekani. Makala huivisha maharagi ya asubuhi na bugali wa mchana. Jumamosi jioni, pikipiki zinapopungua barabarani na ukungu wa Butembo unapoanza kushuka, makala hayohayo huchoma mbuzi.

Kila anayeujua mji huu anaijua picha hiyo. Mbabula, yaani jiko la makaa, ya bati imewekwa ukingoni mwa barabara, wavu wa chuma umelala juu yake, na mchomaji ana kipande cha katoni cha kupepea. Mafuta yanadondoka kwenye makaa, mwali unaruka, nyama inalambwa na moto na kuungua nje kabla haijaiva ndani. Mchomaji anainyunyizia maji. Jivu linapaa na kutua juu ya nyama. Mteja anaita, "Yaya, yangu usiiunguze," na jibu ni lilelile siku zote: moto wa leo ni mkali, au makala ya leo yana unyevu.

Ninayapenda mazingira hayo, na sitaki yafe. Lakini tunalipa gharama kubwa mno kwa moto ambao hatuwezi kuutawala, na wakati huohuo, hatua chache kutoka kwenye hiyo mbabula, fundi seremala anafagia unga wa mbao na kuumwaga bondeni. Unga huo ni nishati. Ukikaushwa na kushindiliwa unakuwa vipande vidogo vigumu, vyenye umbo la kalamu iliyokatwakatwa, ambavyo dunia inaviita peleti. Ziko nchi ambako familia nzima hukusanyika uani mwishoni mwa wiki kuzunguka jiko la peleti. Jiko hilo lina mengi ya kutufundisha, hata kama wengi wetu hatutalinunua kamwe.

Tuanze na hesabu ya makala yenyewe. Mchoma makala wa kienyeji hufunika magogo kwa udongo na nyasi, anawasha, kisha anangoja siku kadhaa. Katika tanuru la namna hiyo, kilo moja ya makala hula kilo 5 hadi 10 za kuni. Sehemu kubwa ya nguvu ya mti inapotea kama moshi porini, kabla makala hayajafika hata sokoni. Kwa hiyo gunia unaloliona mlangoni mwa mama muuzaji ni mabaki ya shamba la miti.

Na miti hiyo ina mahali inapotoka. Mingine ni mikalitusi iliyopandwa na wakulima katika vilima vya Lubero na pembezoni mwa Butembo, na hiyo haina lawama. Mingine hukatwa katika misitu ya asili, pamoja na ile ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, ya kwanza kabisa barani Afrika. Mwaka 2007, gorila wa milimani walipouawa kwa risasi katika eneo la kusini la hifadhi hiyo, biashara haramu ya makala ilitajwa miongoni mwa sababu. Mwaka huohuo shirika la WWF lilianzisha mradi wa kuwasaidia wakulima wa Kivu Kaskazini kupanda miti ya nishati katika mashamba yao wenyewe. Mradi uliitwa EcoMakala, kwa neno letu hilohilo. Upande wa Beni liko jambo zito zaidi: tangu Oktoba 2014 mauaji ya raia yamefanya shamba na msitu kuwa mahali pa hofu, na mtu anayekwenda kukata kuni au kuchoma makala anakwenda na roho mkononi. Moto wa jikoni kwetu unaweza kumgharimu mtu maisha, hata kabla hatujazungumzia moshi wake.

Moshi nao una hesabu yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya ndani ya nyumba, inayotokana zaidi na kupikia kuni, makala na mafuta ya taa, ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Walioko karibu na jiko ndio wanaoivuta kwanza, na kila mtu anajua katika nyumba zetu hao ni akina nani.

Butembo ina jambo moja zaidi ambalo watu wa pwani hawalijui. Mji uko kwenye mwinuko wa mita zaidi ya 1,700, karibu kabisa na mstari wa ikweta. Katika mwinuko huo maji huchemka yakifika nyuzi joto 94 hivi, hayafiki 100. Maharagi yanayoiva kwa saa mbili Mombasa yanadai muda mrefu zaidi hapa, na kila nusu saa ya ziada ni makala ya ziada. Ndiyo maana nasema moto ni jambo la uchumi kwetu kabla ya kuwa jambo la ladha.

Sasa twende kwa maseremala. Mbao za Butembo na Beni huja kwa njia mbili. Za msitu mkubwa wa upande wa Ituri, kama libuyu na mvule, nyingi hupasuliwa hukohuko msituni kwa msumeno wa mnyororo, na unga wake hubaki chini ya miti. Hapo zaidi ya nusu ya gogo inaweza kupotea, na hakuna wa kuifuata. Za mkalitusi hupasuliwa karibu na mji. Kisha zote mbili huingia karakana za mjini, ambako mashine za kuranda hutema maranda na unga mchana kutwa. Baadhi ya akina mama wamejua kuutumia tangu zamani: wanasimamisha chupa katikati ya kopo kubwa, wanashindilia unga wa mbao pembeni yake, wanachomoa chupa taratibu, na tundu linalobaki linakuwa njia ya moto. Jiko hilo linawaka saa nyingi kwa gharama karibu na bure. Kasoro yake ni moshi, kwa sababu unga haujakauka na hewa haipiti sawasawa.

Peleti inaondoa sababu hizo mbili. Unga mbichi, ambao nusu ya uzito wake huweza kuwa maji, hukaushwa mpaka ubaki na unyevu wa asilimia 10 hadi 15, kisha hupitishwa kwenye mashine yenye sahani nzito ya chuma iliyotobolewa matundu ya milimita 6 au 8. Magurudumu ya chuma hulazimisha unga upite humo. Msuguano unapandisha joto, na ndani ya kila mti kuna gundi ya asili, lignini, ambayo hulainika kwa joto hilo na kugandisha unga bila kuongeza chochote. Zikipoa, peleti zinakuwa ngumu na zinang'aa. Ujazo uleule uliokuwa na kilo 200 za unga mwepesi sasa unabeba kilo 600 na zaidi. Gunia la peleti nzuri ukilitikisa lina sauti ya kokoto. Chukua moja, ivunje: iliyokauka inakatika kwa mlio mdogo, yenye unyevu inapinda na kumong'onyoka. Ukiitumbukiza katika kikombe cha maji, baada ya muda mfupi inarudi kuwa uji wa unga wa mbao. Jaribio hilo la kikombe lina maana kubwa kwa mji wenye mvua kama wetu, na nitalirudia.

Watu walianza kutengeneza peleti kwa wingi Amerika Kaskazini katika miaka ya 1970, mafuta ya petroli yalipopanda bei, ili kupasha nyumba joto. Mwaka 1985, katika mji mdogo wa Mount Angel, jimbo la Oregon, Joe Traeger, ambaye familia yake ilikuwa katika biashara ya vifaa vya kupasha nyumba joto, alitengeneza jiko la kuchomea nyama linalokula peleti. Hataza yake ilitolewa mwaka uliofuata na ikaisha muda miaka 20 baadaye. Tangu hapo viwanda vingi vimeingia.

Karibu na sisi zaidi, ng'ambo ya mpaka wa Goma, katika mji wa Gisenyi nchini Rwanda, Mmarekani Eric Reynolds aliendesha kampuni iliyoitwa Inyenyeri. Ilikusanya matawi ya mikalitusi kutoka kwa wanavijiji, ikayageuza kuwa peleti, ikazipeleka kwa kaya za mjini pamoja na jiko dogo lenye feni. Mteja hakununua jiko. Alikubali kununua peleti kila mwezi naye akapewa jiko. Mwanakijiji aliyeleta matawi alirudi na peleti. Jiko lililotumika baadaye lilikuwa la kampuni ya Uholanzi, na jina lake ni la Kiswahili safi: Mimi Moto. Hata wakimbizi wa Kongo katika kambi ya Kigeme, kusini mwa Rwanda, walilipikia. Inyenyeri ilifunga mwaka 2020. Biashara ya aina hiyo hutaka mtaji mwingi kabla ya kurudisha faranga ya kwanza, na wanaofikiria kuianza hapa ni vizuri waijue habari hiyo nzima, mwanzo wake na mwisho wake. Iliyoshindwa ni hesabu ya fedha. Peleti ziliwaka, na wapishi walizizoea.

Jiko la kuchomea nyama la peleti lina mwili kama pipa lililolazwa, lenye kifuniko. Pembeni yake kuna sanduku la kuhifadhi peleti. Chini ya sanduku unapita mhimili wenye mikunjo kama skrubu ndefu, unaozungushwa na mota ndogo, na kazi yake ni kusukuma peleti kidogokidogo mpaka kwenye chungu cha chuma chini ya jiko. Ndani ya chungu kuna kijiti cha umeme kinachopata joto mpaka kuwa chekundu, ndicho kinachowasha. Feni inapuliza hewa. Juu ya chungu kuna bamba la kutawanya joto, na juu ya bamba kuna sinia lililoinama, linalopokea mafuta na kuyapeleka kwenye kindoo kidogo nje. Kisha ndipo wavu. Kipima joto kinampelekea habari mtawala, yaani kisanduku cha elektroniki: joto likishuka peleti zinaongezwa, likipanda zinapunguzwa. Angalia sinia lile. Kwa sababu yake mafuta ya mbuzi hayafiki motoni, mwali hauruki, na nyama inaiva kwa hewa ya moto na moshi mwembamba. Tofauti yote na mbabula iko hapo.

Tatizo la kwanza utakaloliona ni umeme. Butembo ilikua kuwa mji mkubwa wa biashara kwa jenereta, muda mrefu bila umeme wa uhakika wa serikali, na hata sasa si kila mtaa una waya. Lakini jiko hili halina njaa kubwa. Kijiti cha kuwashia kinataka wati 300 hivi kwa dakika chache za mwanzo. Baada ya hapo mota na feni hutumia wati 50 au pungufu. Betri ya volti 12 yenye uwezo wa ampea-saa 100, ikitumiwa nusu tu ili isiharibike, ina wati-saa 600. Hiyo inatosha kuivisha paja la mbuzi kwa saa tano na kubakiza akiba. Nyumba yenye paneli za jua na inveta ya kawaida inaliweza.

Sasa maandalizi. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, na naomba msomaji asome polepole.

Jiko jipya halipikiwi siku ya kwanza. Lina mafuta ya kiwandani na vumbi la chuma. Toa kila karatasi na nailoni, hata ile iliyofichwa chini ya wavu. Weka jiko nje kabisa, mahali tambarare, mbali na ukuta wa mbao na turubai. Narudia: nje. Moto wa peleti hutoa hewa ya kaboni monoksidi kama makala yanavyotoa, na baridi ya Butembo usiku imeshawafanya watu wengi kuingiza mbabula chumbani. Moto wowote wa namna hii ndani ya chumba kilichofungwa unaua bila harufu.

Jaza peleti, washa, na ngoja. Mara ya kwanza mhimili uko mtupu, na peleti huchukua dakika kadhaa kusafiri kutoka kwenye sanduku mpaka kwenye chungu. Utaona moshi mzito mweupe, kisha utasikia mvumo wa feni ukibadilika moto unaposhika, na moshi utakuwa mwembamba, karibu hauonekani. Moshi mweupe mzito ni wa moto unaohangaika na huacha uchungu kwenye nyama. Ule mwembamba ndio wa kupikia. Liache jiko tupu katika nyuzi 180 kwa dakika 20, kisha lipandishe mpaka mwisho wake kwa nusu saa. Likipoa, paka wavu mafuta kidogo. Tumia ya alizeti au ya karanga.

Peleti zenyewe zinahitaji ulinzi kuliko nyama. Kumbuka kikombe cha maji. Mvua ya Butembo inanyesha karibu mwaka mzima, na unyevu wa usiku peke yake unatosha kuzivimbisha. Peleti zilizovimba ndani ya mhimili hugeuka kuwa kitu kama saruji, na fundi atalazimika kufungua jiko zima. Ukimaliza kupika, toa zilizobaki kwenye sanduku, zitie katika ndoo ya plastiki yenye kifuniko kinachobana, na uiweke ndani ya nyumba juu ya ubao, isiguse sakafu. Kabla ya kuzitumia tena zichekeche, maana unga unaojikusanya chini ya gunia huziba njia na kuufanya moto uyumbe.

Jivu ni dogo, lakini usilidharau. Kila baada ya kuchoma mara chache, jiko likiwa baridi kabisa, toa wavu, sinia na bamba, zoa jivu ndani ya chungu, na usugue mafuta yaliyoganda. Jivu likijaa hewa haipiti. Mafuta yakijaa ndiyo yanayoshika moto. Jambo moja linaogopesha zaidi: moto ukizimika katikati ya kupika wakati mhimili unaendelea kusukuma, chungu hujaa peleti. Mtu akiwasha tena bila kukimwaga, zote hushika kwa pamoja. Zima, acha lipoe, mwaga, anza upya. Na wakati wa kuzima usichomoe waya. Bonyeza kitufe cha kuzima, uache feni imalize dakika zake kumi au kumi na tano za kuteketeza mabaki, la sivyo moto unaweza kurudi nyuma kwenye mhimili kuelekea sandukuni.

Ukisha kuyashika hayo, mbuzi ni rahisi. Paja la kilo 2, lipakwe chumvi usiku wa kuamkia, pamoja na kitunguu saumu kilichotwangwa, tangawizi na ndimu. Pilipili ibaki mezani. Kila mtu atajitilia kwa kadiri ya moyo wake. Asubuhi washa jiko kwenye nyuzi 110 na ulaze paja kwa saa mbili, kifuniko kikiwa kimefungwa. Usilifunuefunue. Kila unapofunua, joto linakimbia na peleti zinaliwa bure. Mbuzi wetu hana mafuta mengi, kwa hiyo ukimwacha wazi saa zote atakauka kama ubao. Baada ya saa mbili babua majani ya mgomba juu ya moto mpaka yalainike, funga paja kama unavyofunga liboke, zungushia karatasi ya alumini, na upandishe joto hadi 140. Saa mbili nyingine, au mbili na nusu, na mfupa utajitikisa ukiushika.

Mwenye kipima joto cha nyama azingatie mwinuko. Vitabu vya ng'ambo humwagiza mpishi afikishe nyama ngumu nyuzi 95. Butembo maji yanachemka kabla ya hapo, na nyama yenye maji ndani haiwezi kupita kiwango hicho mpaka ikauke. Lenga 90, kisha uipumzishe ndani ya majani yake kwa nusu saa. Beni, yenye mwinuko wa mita zaidi kidogo ya 1,000, inaruhusu kwenda juu kidogo. Kuku aliyepasuliwa mgongo na kutandazwa anataka nyuzi 175 na kama saa moja, mpaka paja lake lifike 74 ndani. Hapo hakuna mjadala, kwa afya. Tilapia wa Kyavinyonge, waliotoka Ziwa Edward asubuhi ileile, wanataka nyuzi 200 na dakika 20 hadi 25, na hakuna cha kuwageuzageuza. Ndizi na viazi huwekwa kandokando na huiva zenyewe.

Mishikaki ni habari nyingine. Mshikaki hutaka moto mkali wa karibu, nje kukaangike kwa dakika chache huku ndani kukiwa laini, na kwa kazi hiyo makala yanalishinda jiko la peleti. Nimetafakari sana kabla ya kuandika sentensi hiyo, maana ingekuwa rahisi kusifu jipya kwa kila kitu. Mchomaji wa mishikaki wa kando ya barabara ana haki ya kubaki na mbabula yake. Anachoweza kubadilisha ni makala anayonunua, yatoke kwa mkulima aliyepanda miti yake, na mbabula anayotumia, iwe iliyoboreshwa na inayotunza joto.

Tena si kila unga wa mbao unafaa kwa chakula. Unga wa mbao zilizopakwa rangi, za triplai, au zilizopigwa dawa ya wadudu una sumu, na haupaswi kukaribia nyama. Mvule, pamoja na thamani yake yote, vumbi lake huwasha ngozi na kifua, na maseremala wanalijua hilo; nisingeutumia kuchomea chakula. Mkalitusi uliokauka unafaa kwa joto, ingawa harufu yake ni kali na isiwe peke yake kwenye nyama ya muda mrefu. Mti ninaoutamani kwa moshi ni mkahawa. Mashamba ya Beni na Lubero hukata mikahawa iliyozeeka ili ichipue upya, na vigogo vyake ni vigumu, vizito, na moshi wake ni mpole. Baada yake ni miparachichi na mipera, iliyo karibu kila ua.

Asiye na jiko la peleti, wala betri, asikate tamaa. Fundi wa kuchomelea vyuma akikata pipa la mafuta katikati kwa urefu, akaweka bawaba, wavu, na tundu la hewa kila upande, jiko lenye kifuniko limepatikana. Pipa liwe lililobeba mafuta ya kupikia, halafu lichomwe moto mkali likiwa tupu kabla ya matumizi. La kemikali lisiguswe. Makala machache yawekwe upande mmoja, nyama ilale upande wa pili, na chini ya nyama litiwe sinia lenye maji kidogo. Kwa moshi, tengeneza bomba la bati lililotobolewa matundu madogo, ulijaze peleti au vipande vidogo vya mkahawa, uwashe mwisho mmoja, ukishika upulize mwali uzimike. Litafuka taratibu kwa saa kadhaa bila umeme wowote. Makala machache kuliko uliyozoea yanatosha, kwa sababu kifuniko kinazuia joto lisiende mbinguni.

Kinachokosekana kwetu ni peleti zenyewe. Unga upo, jua la mchana la kuukausha lipo hata katika miezi ya mvua ukiwa na paa la nailoni, na wanunuzi wa nishati wako kila nyumba. Mashine ndogo ya kushindilia huendeshwa na mota ya kilowati 7 hadi 15, nguvu ambayo vinu vingi vya mihogo na mahindi mjini tayari vinayo. Wafanyabiashara wa Butembo ni watu wanaojulikana mpaka Dubai na Guangzhou. Wameleta pikipiki, vitenge, mabati na jenereta, kontena baada ya kontena, kupitia Mombasa na Kasindi, na kujenga mji ambao serikali haikuujenga. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, kilichofunguliwa mwaka 1989, kina kitivo cha kilimo chenye vijana wanaojua miti. Maseremala wana unga. Watu hawa watatu wanaishi katika mji mmoja na hukutana misa ya Jumapili.

Ninawaomba wakutane pia siku ya kazi. Seremala aache kumwaga unga bondeni na atenge safi mbali na wa triplai. Mwanafunzi apime mchanganyiko upi wa mkalitusi na mkahawa unaoshikamana vizuri na kuwaka bila moshi. Mfanyabiashara, katika kontena lake lijalo kutoka Guangzhou, aache nafasi ya mashine moja ya peleti.